Jicho la Kulia ni la Kulia

Kila asubuhi, kabla randa haijagusa mbao, fundi seremala mmoja mzee hapa mtaani kwetu Carama, jijini Bujumbura, Burundi, huinua ubao mpaka usawa wa shavu, akafumba jicho la kulia, akaufuata ukingo wake kwa jicho la kushoto mpaka mwisho. Hutulia hivyo kitambo. Pumzi nusu hutoka, nusu hubaki kifuani. Siku ya kwanza kumwona nilisimama barabarani na mkate wangu mkononi, maana namna ile ya kusimama nilikwisha kuiona mahali, na si kwa maseremala.

"Mzee, ulikuwa askari," nikamwambia.

"Nilikuwa mlenga shabaha," akanijibu bila kuuacha ubao. "Askari walikuwa wengi."

Msumeno, nyundo, patasi, vyote huvishika kwa mkono wa kulia. Kutazama tu ndiko anakokabidhi upande wa pili. Nilipomuuliza kwa nini, alisema neno ambalo sijalisahau: "La kulia ni la kulia tu, mwanangu. Machozi. La kushoto ndilo la kazi."

Alikuwa akitania, lakini utani wake umegusa kitu. Mikono yetu lugha imeipa majina kwa kazi zake: huu ni wa kulia chakula, na wazee wa pwani waliuita wa kuume, mwenzake wakauita wa kuke. Macho hayakupewa kitu. Yameazima majina ya mikono, kana kwamba jicho la upande huu ni mtumishi wa mkono wa upande huu. Sivyo. Karibu mtu mmoja kati ya watatu hutawaliwa na jicho la kushoto, na wengi wao hula, huandika na hupiga nyundo kwa kulia. Huko Italia, Giambattista della Porta aliliandika jambo hilo mwaka 1593. Sisi bado tunamwita mtu wa namna hiyo makengeza.

Ndivyo walivyomwita mzee huyu kambini. Alikuwa kijana, akafundishwa kama wenzake: kitako kwenye bega la kulia, shavu juu ya mti, jicho nyuma ya mtutu. Risasi zake zikaenda kushoto. Si moja au mbili, zote, zimekusanyika pamoja kama kuku waliokimbia mvua, ila pembeni mwa shabaha. Kwa fundi wa kweli hiyo ilikuwa dalili tosha, kwa sababu mtu asiyejua kulenga hutawanya. Huyu alikuwa analenga vizuri, ila kutoka mahali pasipo bunduki: macho yote mawili wazi, jicho la kushoto likauteka mdomo wa mtutu na kuuvuta upande wake. Mwalimu hakuona hilo. Aliona ukaidi, akampiga teke. Baadaye alimfunga kitambaa kwenye jicho la kushoto, na kijana akawa anarudi bwenini kichwa kinagonga.

Aliyemwokoa alikuwa koplo mmoja mtu mzima, mwenye maneno machache. Alimsimamisha hatua kumi mbele yake, akamwambia afungue macho yote mawili na kuelekeza kidole kwenye pua ya koplo mwenyewe. Kijana akanyoosha mkono wa kulia. Koplo akafumba jicho moja, akatazama kile kidole kinatokea wapi. Hakikutokea jicho la kulia. Akasema, "Hamia bega la pili." Basi.

Kuhama kunasemwa kwa neno moja na kufanywa kwa miezi. Bunduki aliyofundishwa ilikuwa ya Kibelgiji, na maganda ya risasi hutokea ubavu wake wa kulia. Kwa mwenye bega la kulia yanaruka mbali naye. Kwake yalipita mbele ya uso, ya moto. Ilimbidi ajifunze kutopepesa. Kidole cha kushoto, ambacho tangu utotoni hakikuwahi hata kushika kalamu, akakifundisha kuvuta polepole bila kushtuka. Aliniambia alifanya mazoezi usiku bila risasi, na sarafu ya franga moja imewekwa juu ya mtutu. Ikianguka, anaanza tena. Hadithi hii ya franga alinisimulia mara tatu, na kila mara mikono yake ilikuwa ikiishika bunduki isiyokuwepo.

Najua kusifu kulenga hapa Carama kunahitaji kuomba radhi kwanza. Jirani zetu ni mitaa ya Kinama na Kamenge, na vita iliyoanza 1993 haikuacha nyumba bila jina la kutaja. Mzee mwenyewe ni miongoni mwa watu zaidi ya 20,000 walioachishwa silaha katika mpango ulioanza Desemba 2004. Hana hamu ya kurudi. Lakini anachokilalamikia ni hiki: wengi wa waliouawa, anasema, hawakulengwa na mtu. Walinyunyiziwa risasi. Na hapo hunionyesha, kwa kidole kwenye ubao, jinsi Kalashnikov ilivyotengenezwa. Swichi yake iko ubavu wa kulia. Ukiishusha kutoka mahali pa kufunga, kituo cha kwanza ni mvua ya risasi. Risasi moja moja ni kituo cha pili, cha chini. Mwenye haraka hafiki huko. Silaha ya namna hiyo haina haja ya kuuliza jicho gani linatawala, kwa sababu haihitaji jicho.

Mlengaji, kwa maoni yangu, ni mtu anayejua nani yuko mwisho wa mstari. Kwa hiyo hafyatui ovyo.

Na jambo hili la jicho upinde ulilijua kabla ya bunduki. Umuheto, kama tunavyouita kwa Kirundi, huvutwa mpaka karibu na kidevu, na mshale hukaa chini ya jicho. Jicho na mkono vikitofautiana, mshale unasema. Watu wa mfalme wetu Mwezi Gisabo walibeba pinde na mikuki mbele ya bunduki za Wajerumani mpaka mkataba wa Kiganda wa 1903, na baada ya hapo upinde ukarudi porini, kisha ukutani, kisha kwenye ngoma za watalii. Walimu wa upinde wa michezo siku hizi huuliza jicho kwanza, mkono baadaye. Mkenya Shehzana Anwar, aliyebeba bendera ya nchi yake Rio mwaka 2016, ni mpiga upinde. Watoto wetu wa Carama wana manati, na hakuna mtu mzima anayewatazama wakilenga.

Jicho la mzee nami nililihitaji mwaka jana, nilipojenga chumba cha nyuma. Vijana walionifanyia mlango waliweka simu juu ya fremu kuipima, simu ikasema sawa, wakalipwa, wakaenda. Mlango ukagoma kufunga wiki hiyo hiyo. Nikamwita mzee. Hakuja na timazi wala pima maji; alisimama kizingitini, akafumba jicho la kulia, akashusha pumzi nusu. "Imelala kushoto," akasema, "unene wa sarafu." Tukapima. Ulikuwa unene wa sarafu.

Nilitaka fremu aitengeneze yeye mwenyewe, na ubao wa libuyu nikaununua. Akaahirisha mara mbili. Mara ya tatu nilimkuta kibandani ameinua ubao ule shavuni, muda mrefu kuliko kawaida, halafu akauhamishia upande wa kulia, akaurudisha. Mtoto wa jicho ameingia, upande ule ule wa kushoto. La kulia bado linaona vizuri, hata namba za magari yanayopita, lakini anasema halijui kunyoosha. Halikuwahi kufundishwa kitu, miaka yote hiyo lilikuwa limefumbwa.

Alikuwa na kijana mmoja wa kumrithi. Amekwenda kuendesha pikipiki.

Ubao wa libuyu umeegemezwa ukutani kwake, haujarandwa. Mlango wangu wa nyuma naufunga kwa kamba.