Usomaji wa Miguu Mitano: Fani ya Rilei na Swali la Mbadala Wake

Chini ya kiti cha Moto Guzzi V11 Sport, pikipiki iliyozinduliwa mwaka 1999 na kiwanda cha Mandello del Lario, Italia, zimekaa rilei tano kwa safu, jirani na fyuzi. Moja huamuru stata, nyingine taa kuu, nyingine husimamia usalama wa nyutro na stendi ya pembeni, na mbili zilizobaki hulisha mfumo wa mafuta: ya kwanza kompyuta, ya pili pampu, injekta na koili za cheche. Kwa macho zote ni moja. Msomaji aliyelelewa na ushairi ataitambua mbinu hii bila kuelekezwa, kwa kuwa ni takriri: kipashio kilekile kinarudiwa mara tano, na kila kinaporudiwa ni nafasi yake katika safu inayokipa maana mpya. Zaidi ya miaka ishirini baadaye, mmiliki anapotafuta spea ya rilei iliyochoka, anajikuta akikabiliwa na swali la kihakiki kabla ya swali la bei: ni kipi katika kijikasha hiki kinachopaswa kubaki vilevile ili kazi ya safu nzima isivunjike? Hoja ya makala haya ni kwamba jibu huanzia kwenye soketi. Rilei iliyong'olewa hutuonyesha sura ya mbadala, ilhali soketi hutuambia mbadala huo utawajibika kwa nini.

Tuanze na muundo wa ndani. Rilei ni tungo mbili zilizofungiwa katika kasha moja pasipo kugusana. Ya kwanza ni koili ya waya mwembamba uliozungushwa kwenye kiini cha chuma, na ncha zake hutokeza nje kama miguu ya 85 na 86. Ya pili ni ulimi wa chuma wenye miguso, unaopokea umeme kwa mguu wa 30 na kuukabidhi kwa 87 au 87a. Kati ya tungo hizi hakuna waya. Kuna uga wa sumaku tu, ambao ukizaliwa huuvuta ulimi na ukifa huuachia chemchemi iurudishe. Joseph Henry, mwanafizikia wa Marekani, aliionyesha kanuni hii katika miaka ya 1830 alipotumia saketi dhaifu kuiamuru saketi yenye nguvu, na hadi leo uzuri wa umbo hili umo katika uwiano huo. Koili yenye ukinzani wa takriban omu 90 hutumia ampea 0.13 hivi kwenye volti 12. Mguso unaoongozwa na koili hiyo unaweza kuruhusu ampea 30. Kitufe cha mpini, chenye waya mwembamba na plastiki nyepesi, husema kidogo, na kauli yake inatekelezwa kwa nguvu inayozidi mara mia mbili. Kila uamuzi mwingine wa kiufundi katika kasha hili upo kuulinda utengano huo wa anayeamuru na anayebeba.

Nambari za miguu nazo zinastahili kusomwa kwa utulivu. Zimetokana na kiwango cha Ujerumani, DIN 72552, ambacho kimeuchagua mkabala wa kuvutia: nambari hutaja wajibu wa ncha, wala haijishughulishi na jina la kifaa. 30 ni umeme utokao moja kwa moja kwenye betri. 15 ni umeme uliopita kwenye swichi ya ufunguo. 31 ni ethi. 50 ni amri ya stata. 49 na 49a ni kuingia na kutoka kwa flasha ya indiketa. Fundi anayeijua sarufi hii anaweza kufungua mchoro wa wayaringi wa pikipiki asiyowahi kuiona na akaufuata, kwa sababu kiima na kiarifu vimetambulishwa tangu mwanzo. Kwenye rilei, 86 na 85 ni ncha za kauli. 30, 87 na 87a ni ncha za tendo.

Kati ya hizo, mguu wa 87a ndio wenye fani ya hali ya juu kabisa, kwa kuwa umeandikwa kwa ajili ya utulivu. Koili inapokuwa haina umeme, 30 imeungana na 87a. Koili inapopata umeme, muungano huo hukatika na 30 hukutana na 87. Rilei ya miguu minne hujua kutenda na kutotenda tu. Ya miguu mitano hutenda hata inapopumzika. Katika pikipiki nyingi taa kuu huzimika stata inapozunguka, ili betri itoe nguvu zake zote mahali pamoja, na njia mojawapo ya kulitimiza hilo ni kuilisha taa kupitia 87a. Mwandishi wa saketi ya namna hiyo hakuongeza swichi wala kompyuta. Ameutumia upande wa utulivu wa rilei ileile kusema jambo la pili, na tendo moja la ulimi likawa amri na katazo kwa pamoja. Huu ni ubunifu wa kiwango cha shairi lililokomaa.

Ndiyo maana kosa la kwanza la mbadala huzaliwa hapa. Zipo rilei za miguu mitano ambazo mguu wa katikati si 87a bali ni 87 ya pili, iliyokusudiwa kugawa tendo lilelile kwa mizigo miwili. Kwa nje zinaweza kufanana kabisa, na zikichomekwa huingia bila kulalamika. Lakini mguu ulioandikwa kwa ajili ya utulivu sasa unangoja tendo: taa iliyopaswa kuwaka muda wote na kuzimika sekunde za stata itabaki giza muda wote na kuwaka stata inapoguswa. Maana imegeuzwa nje ndani ilhali sura haijabadilika hata kidogo. Kuhesabu miguu, basi, ni hatua ya lazima isiyotosha; nambari iliyochongwa kando ya kila mguu haina budi kusomwa.

Kosa la pili ni la ndani zaidi, na kwa mhakiki ndilo lenye mafunzo mengi. Kwa rilei za umbo la kawaida la magari kuna mipangilio miwili ya miguu inayotambulika, A na B, nayo hutofautiana kwa kubadilishana nafasi za 30 na 86. Tuchukue saketi sahili ya taa ambayo 85 imefungwa kwenye ethi, 86 inapokea amri ya swichi, 30 inatoka kwenye betri na 87 inakwenda kwenye taa, kisha tuchomeke rilei ya mpangilio usiofaa. Umeme wa betri sasa unaingia kwenye koili, na kwa kuwa ncha ya pili ya koili iko kwenye ethi, ulimi unavutwa na kubaki umevutwa mchana na usiku. Waya wa swichi nao sasa unaishia kwenye mguso. Mwendeshaji akiwasha swichi, taa inawaka, akiizima, inazimika. Kwa mtazamaji wa matokeo, kazi imekwisha vizuri. Lakini ampea zote za taa sasa zinapita kwenye waya mwembamba na kitufe cha mpini, yaani palepale ambapo rilei ilibuniwa kupaepusha, na koili isiyopumzika inakula zaidi ya ampea-saa 3 kila siku, kiasi cha kuimaliza betri ya ampea-saa 12 ndani ya siku nne hivi. Athari ya juu juu imehifadhiwa na muundo umeharibiwa. Sijui mfano ulio bora kuliko huu wa kuonyesha kwamba kazi inaweza kuonekana imetimia huku fani yake imekufa, na kwamba mwenye kupima kwa matokeo peke yake ameacha nusu ya kitu bila kukisoma.

Kuna pia yale yaliyofichwa kabisa. Koili inapokatiwa umeme, uga wake wa sumaku huporomoka na kuzalisha mpigo wa volti nyingi kwa muda mfupi mno, mpigo unaoweza kudhuru kompyuta ya injini au kuitafuna swichi. Kwa hiyo watengenezaji wengi huweka kizuizi ndani ya kasha, sambamba na koili: ama kikinza, ama daiodi. Kikinza hakichagui upande. Daiodi huchagua, na hivyo huiongezea matini kanuni ya mwelekeo isiyokuwepo kwenye koili tupu, ambapo 86 sharti iwe chanya na 85 hasi. Rilei ya namna hiyo ikiwekwa kwenye soketi ya zamani iliyofungwa kinyume, daiodi hupitisha umeme moja kwa moja, na kinachofuata ni fyuzi kukatika au daiodi kuungua. Daiodi vilevile hupunguza kasi ya ulimi kuachia, kwa kuwa mkondo wa koili huendelea kuzunguka ndani yake kwa kitambo. Mchoro mdogo uliochapwa ubavuni mwa kasha hutangaza yote haya: mstatili wa koili, na pembeni yake alama ya daiodi au kikinza, au pasipo alama yoyote. Ni maandishi ya ukubwa wa ukucha, na ndiyo sehemu yenye uzito zaidi katika kifuniko kizima, zaidi ya jina la kampuni na zaidi ya tarakimu kubwa za ampea.

Tarakimu hizo za ampea nazo zina muktadha wake. Mara nyingi rilei ya miguu mitano hupewa viwango viwili, kikubwa kwa upande wa 87 na kidogo kwa upande wa 87a, kwa sababu upande wa tendo hubanwa na nguvu ya sumaku na upande wa utulivu hubanwa na chemchemi peke yake. Tena mizigo haifanani tabia. Taa ya wati 55 hutumia chini ya ampea 5 ikishapata joto, lakini utepe wake ukiwa baridi una ukinzani mdogo, na katika punje ya kwanza ya sekunde unaweza kudai hata mara kumi ya kiasi hicho. Mguso wa aloi ya fedha unaomudu joto la kawaida unaweza kuchimbika au kugandana kwa mishtuko hiyo midogo inayojirudia miaka nenda miaka rudi. Hapa inafaa kuutathmini ule mlio wa "ta" ambao wengi huuchukua kuwa cheti cha afya. Mlio ni ushahidi wa tungo ya kwanza, kwamba koili ni nzima na ulimi unasogea. Kuhusu uso wa mguso haushuhudii lolote. Kipimo cha haki ni kuupitishia mguso mzigo halisi, kwa mfano taa ya wati 55, na kupima volti zinazopotea kati ya 30 na 87. Zikipotea zaidi ya sehemu chache za kumi za volti moja, rilei hiyo imezeeka, hata ikilia vizuri kiasi gani.

Kwa mwangaza huo tunaweza kuusoma upya utafutaji wenyewe. Kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road jijini Nairobi, au Gerezani na Kariakoo jijini Dar es Salaam, maswali ya kaunta huwa ni miguu mingapi na volti ngapi. Ni maswali sahihi. La volti hasa lina uzito, kwa sababu rilei za malori za volti 24 hukaa rafu moja na za volti 12 zikiwa na mwili uleule. Koili zake zina ukinzani wa takriban mara nne, hivyo kwenye pikipiki hazivuti ulimi, au huenda zikauvuta kwa unyonge injini inapochaji na kushindwa kuuvuta tena koili inapopata joto. Msomaji makini ataongeza maswali manne: mguu wa katikati ni 87a au 87, mpangilio ni A au B, ndani kuna daiodi au kikinza, na upana wa mwili utawaachia majirani nafasi kwenye safu. Majibu yake yatatoka kwenye soketi tupu: taa ya kupimia itaonyesha tundu lenye umeme muda wote, lile lingojalo ufunguo, na lile linaloishia kwenye ethi. Kazi hiyo haihitaji kujua jina la aliyeitengeneza rilei ya awali wala kama bado inatengenezwa.

Hapo ndipo sifa kuu ya safu ya Mandello inapojitokeza. Baadhi ya pikipiki za Yamaha za miaka ya 1990 zilikusanya rilei na daiodi zake katika kasha moja lililozibwa, lenye plagi ya pekee. Ni kazi iliyobana nafasi kwa ustadi, lakini sehemu moja ikifa, kasha zima hufuata, na mwenye chombo hutegemea spea ya jina lilelile. Waliopanga rilei tano zinazofanana, zenye nambari za wajibu zinazojulikana, walichagua uwazi: kipande kinachoshukiwa kinaweza kuhamishiwa nafasi ya jirani na kosa likafuatwa linakohamia, na mtengenezaji mwingine kabisa anaweza kuijaza nafasi hiyo mradi aheshimu wajibu wake. Uwazi huo ni sehemu ya fani sawasawa na utengano wa koili na mguso. Mbadala bora, kwa hiyo, ni ule unaotimiza kila wajibu ulioandikwa kwenye soketi, hata ukiwa na rangi nyingine na jina jingine. Na fundi anayeusoma kwa kiwango hicho anaikamilisha kazi ambayo mbunifu alimwachia makusudi.