Safu na Sifuri: Tatizo la Istilahi katika Kumfunza C Mwanagenzi

Katika sura ya kwanza ya The C Programming Language (1978), Brian Kernighan na Dennis Ritchie wanaitambulisha dhana ya safu kwa programu fupi ya kuhesabu tarakimu katika matini. Safu yenyewe, ndigit[10], ina vipengele kumi: ndigit[0] hadi ndigit[9]. Mfano umeteuliwa kwa werevu, labda kupita kiasi. Kwa kuwa tarakimu huanzia sifuri, mwanafunzi huipokea sifuri ya safu bila kuhoji, na sababu yake inangoja vielekezi katika sura ya tano.

Kwa Kiswahili pengo hilo hupanuka. Tukiiita namba iliyo ndani ya mabano “nafasi”, msomaji ataielewa kama mpangilio wa kwanza, wa pili, wa tatu. Naye akishatangaza int alama[5], ataandika alama[5] akidhani ndicho kipengele cha tano. C haikagui mipaka ya safu, hivyo haimkanyi. Kosa hili, kwa maoni yangu, ni la istilahi kuliko la hesabu.

Napendekeza “umbali”. Kipengele cha kwanza kiko umbali wa sifuri kutoka mwanzo, na cha tano umbali wa nne. Si fikra ngeni: mtoto aliye katika mwaka wake wa kwanza hajatimiza hata mmoja. Hata usemi c - '0' wa waandishi hao hufafanuka: alama '7' iko hatua saba kutoka '0', ndiyo maana hesabu yake huingia katika ndigit[7].