Azimio na Wapiga Makofi

Juzi nimelisoma tena Azimio la Arusha, katika kijitabu kile kile nilichokitumia kufundishia siasa chuo cha ualimu. Zamani wanachuo walilikariri, nami nikasahihisha. Safari hii nimelisoma kama msomaji.

Sifa zake hazijachuja. Kiswahili chake ni chepesi na hakina majivuno. Sehemu ya tatu, inayotukanya tusitegemee fedha za wageni, inajenga hoja hatua kwa hatua mpaka inamfikisha msomaji kwa mkulima wa kijijini. Sehemu ya tano ni fupi na kali: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha. Tena waliojua ujanja wetu waliongeza kwamba kiongozi ni mtu pamoja na mkewe au mumewe.

Kasoro yake ni kukichukulia chama kama moyo mmoja. Katika TANU ya 1967 walikuwamo waliotaka usawa kwa dhati, na walikuwamo waliokwisha kuonja matunda ya vyeo. Azimio liliwaamuru hao wa pili, lakini halikuwapa mahali pa kubishana. Aliyepinga waziwazi alitoka: Bibi Titi Mohamed, mwenye nyumba zake, alijiuzulu Kamati Kuu. Waliobaki walipiga makofi, na hao hao ndio waliopewa kazi ya kuwachunga viongozi wenzao.

Nilikuwa miongoni mwao. Katika miaka ya themanini, nikiwa mkuu wa chuo, nilijenga vyumba vinne vya kupangisha kwa jina la shemeji yangu. Asubuhi nilifundisha sehemu ya tano. Mwisho wa mwezi shemeji aliniletea kodi ndani ya bahasha. Wanachuo walijua. Hakuna aliyeuliza, maana tuliwafundisha kujibu, si kuuliza.

Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar ikayaondoa makatazo yale. Nilifurahi, kisha nikaona haya. Ilikuwapo hoja ya kweli: mshahara ulikuwa haumfikishi mtumishi nusu ya mwezi. Lakini kwa miaka ishirini na minne sikumsikia kiongozi hata mmoja akisimama jukwaani kuitetea mbele ya wakulima. Mimi pia sikuitetea mbele ya wanachuo wangu.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema Azimio lilishindwa kwa hoja. Hoja haikupiganwa. Wapenda usawa waliyachukua makofi kuwa ni imani. Wenye masilahi walijua kungoja. Andiko lisilompa mpinzani wake nafasi ya kusema haliwezi kujua ni lini limeachwa.

Vyumba vile vinne bado vipo. Siku hizi vina jina langu.