Kidonge Hakiaminiwi kwa Sura
Kabla ya 1974, Mtanzania aliyetaka shahada ya famasia ilimlazimu kuisomea nje. Mwaka huo mafunzo yakaanza Muhimbili, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Muhimbili yenyewe ikawa chuo kikuu kinachojitegemea kikamilifu, MUHAS, mwaka 2007.

Uhondo wa mafunzo hayo uko maabara. Vidonge sita hutiwa kwenye vibomba vya kioo, vikazamishwa na kuinuliwa ndani ya maji ya nyuzi 37, joto la mwili. Vile visivyo na utando vikipita dakika 15 bila kusambaratika, vimefeli, hata pakiti ing'ae vipi.

Mgonjwa kwenye dirisha la dawa haoni hayo. Husikia tu: “Kutwa mara tatu, mama, na umalize dozi.” Walimu waliofundisha yote mawili, kupima kidonge na kumwelekeza mgonjwa, wanastahili pongezi; wahitimu wao wamo hospitalini, viwandani na kwenye maghala ya dawa.