Pa Kulala, Pa Kutokea: Vituo vya Safari ya 1871

Tembe la Kwihara liko kilomita chache kusini-magharibi mwa mji wa Tabora. Kutoka hapo hadi Ziwa Tanganyika, kwa miguu ya wapagazi wa zamani, ni safari ya majuma. Hata hivyo, anayetaka kujifunza namna ya kuchagua pa kutia nanga katika ziwa hilo aanzie hapahapa. Safari mashuhuri ya mtumbwi iliyozunguka kaskazini mwa ziwa, Novemba na Desemba 1871, mizigo yake ilifungwa Kwihara, na Stanley, aliyetoka pwani kumtafuta mpelelezi Livingstone, aliingia majini pamoja na watu wake na mazoea waliyoyapata barabarani: saa ya kung'oa kambi, saa ya kutua, nani aulizwe, nani alipwe.

Nimezipitia hatua za safari ile kituo kwa kituo, na kila ninapolinganisha palipowafaa na palipowaponza narudi kwenye kipimo kimoja. Mandhari, kivuli na maji vyote vina uzito wake, lakini kituo chema ni kile ambacho msafiri anaweza kukitoka siku anayotaka, kwa njia anayotaka.

Kwihara yenyewe ilipata sifa kwa sababu hiyo. Unyanyembe ilikuwa njia panda: mashariki barabara ya Bagamoyo, kaskazini Karagwe hadi Buganda, magharibi Ujiji, kusini Ufipa na nchi za mbele yake. Msafara uliofika ukiwa umechoka ungeweza kuweka bidhaa kwenye ghala la tembe, ukawalipa wapagazi wa pwani, ukatafuta wengine, kisha ukachagua barabara kwa kadiri ya habari za bei na vita. Tembe la Kiarabu lilijengwa kwa kazi hiyo: kuta nene za udongo, paa la bapa, vyumba vinavyotazama uani, mlango mmoja mkubwa unaofungwa usiku.

Stanley aliingia humo tarehe 23 Juni 1871, baada ya kuondoka Bagamoyo mwezi Machi. Alidhani atapumzika kidogo tu. Vita vya Waarabu na mtemi Mirambo vikaifunga barabara ya magharibi, na mwezi Agosti Mirambo akauchoma mji wa Tabora. Pale Kwihara, Stanley alitoboa matundu ya kufyatulia bunduki ukutani akangoja mashambulizi ambayo hayakufika. Nyumba ile ile, maji yale yale, chakula kile kile, lakini kituo kilikuwa kimebadilika kwa sababu mlango wake wa magharibi ulikuwa umezibwa. Hakuondoka hadi tarehe 20 Septemba, tena kwa kuzunguka kusini.

Mwaka uliofuata Livingstone alikwama humo humo kwa sababu nyingine. Baada ya kukutana Ujiji walifika pamoja Februari 1872, Stanley akashika njia ya pwani tarehe 14 Machi, na mzee akabaki kungoja wapagazi watakaotumwa kutoka Zanzibar. Masika hayakuwa msimu wa kupata wabeba mizigo Unyamwezi, kwani wanaume wengi walikuwa mashambani mwao. Watu wake walifika Agosti, naye akaondoka tarehe 25 mwezi huo. Anayepanga kituo chochote kirefu ajue basi kwamba njia ya kutokea hufungwa na vita, na hufungwa vilevile na kalenda ya mkulima.

Sasa tuangalie kazi ya kila siku. Msafara uliamka alfajiri, kirangozi, yaani kiongozi wa njia, akatangulia na bendera, na mara nyingi kabla ya adhuhuri watu walikuwa wametua. Msomaji wa leo anaweza kuona ni uvivu kusimama saa tano wakati mchana bado mrefu. Lakini kutua mapema kulikuwa ndio ufundi wenyewe. Saa zile zilizobaki zilikuwa za kukagua maji, kukata miiba ya boma, kununua unga, kupeleka ujumbe kwa mtemi na kusikia hongo, yaani ushuru wa kupita, ni kiasi gani. Aliyefika jioni alikuwa amepoteza nafasi ya kukataa: mahali pakiwa pabaya, hana mwanga wa kutafuta pengine.

Palipokuwa hapana maji ndipo wasafiri walipofanya tirikeza. Waliondoka mchana baada ya kunywa na kujaza vibuyu, wakalala pakavu njiani, wakayafikia maji mengine asubuhi iliyofuata. Katika Mgunda Mkali, ile nyika ya kabla ya Unyanyembe kwa anayetoka pwani, hiyo ilikuwa tofauti ya kuvuka na kufa kiu. Kambi kavu ya tirikeza haikumvutia mtu yeyote kubaki, na kwa kazi yake ilifaa sana.

Kinyume chake kilikuwa mto Gombe, kusini-magharibi mwa Kwihara. Nautofautisha na Gombe ya sokwe iliyoko Kigoma. Huu ni mto wa nyika, ambao mwisho wa kiangazi hubaki madimbwi marefu yenye miti mikubwa ukingoni. Stanley alifika hapo mwanzoni mwa Oktoba 1871 na akapasifu kuliko karibu kambi zote alizopita. Palikuwa na kivuli, majani na wanyama wengi wa kuwinda. Siku moja alikuwa karibu kujitupa majini aoge alipoona kivuli cha mamba kikiinuka mbele yake. Hakukatishwa tamaa, aliendelea kupenda mahali pale, na watu wake walipapenda zaidi. Walikuwa wakila nyama kila siku baada ya miezi ya posho ya kupimwa.

Amri ya kuondoka ilipotoka, waliomba siku moja zaidi. Alikataa. Walibeba mizigo kwa manung'uniko, na baada ya mwendo mfupi wakaitua chini. Kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, kirangozi Asmani alimwelekea akiwa na bunduki mkononi, naye akamlenga ya kwake, hadi wenzao walipoingilia kati na ugomvi ukaishia kwenye kuombana radhi. Katika vitabu kisa hiki husimuliwa kama habari ya ukali wa Mzungu na ukaidi wa wapagazi. Mimi naona kosa la upangaji. Watu waliotoka vitani, wanaopelekwa kwenye barabara wasiyoijua, hupewaje siku za shibe mahali pazuri kiasi kile bila kuambiwa tangu mwanzo zitakwisha lini? Ombi lao lilikuwa la haki na lingeweza kupatanwa kabla ya kutua. Kiongozi akiwatuliza watu penye neema, lazima siku ya kuondoka itajwe kabla nyama haijaanza kuchomwa.

Mbele zaidi, Uha, hali iligeuka. Kila mtemi alidai hongo, na kila aliyelipwa alikuwa na mwenzake mbele. Vitambaa vikawa vinakwisha. Mwanzoni mwa Novemba msafara ulinunua nafaka ya siku kadhaa kisha ukatoka kambini usiku, kimyakimya, nje ya njia, ukipita porini mpaka ulipoivuka nchi. Mbinu hiyo iliwezekana kwa sababu kambi ilikuwa na mwitu karibu. Kama wangelala katikati ya kijiji, penye starehe zaidi, wasingetoka bila kulipa tena.

Tarehe 16 Novemba 1871, Stanley na Livingstone waliondoka Ujiji kwa mtumbwi wa Said bin Majid, uliochongwa kwa gogo la mvule, kwenda kuchunguza kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Hapa jiografia inaanza kutawala. Tanganyika ina kina cha mita 1,470 hivi, na sehemu nyingi za pwani yake hazina mteremko wa pole: mlima unaendelea kushuka chini ya maji kama ulivyoshuka juu yake. Livingstone aliteremsha bildi ya kupimia kina mamia ya futi bila kugusa chini. Nanga mahali kama hapo haina kazi. Kamba inakwisha kabla haijafika, au inafika kwenye mteremko na kuteleza upepo ukigeuka. Kwa hiyo wapiga kafi Wajiji hawakutafuta pa kutia nanga. Walitafuta pa kukokota chombo nchi kavu.

Na pa kukokota panatengenezwa na mito. Kila kijito kinachoteremka kutoka safu ya milima hutupa mchanga wake mdomoni na kujenga ulimi wa nchi tambarare, wenye miti, mara nyingi wenye kijiji. Ndiyo maana kambi za pwani ile hupendeza macho: mandhari na usalama wa chombo vimezaliwa na mto mmoja. Lakini mdomo wa mto ni pa mamba na viboko, na ndimi zile wenyeji wanazijua vilevile. Mwenye ujuzi hutua kando ya mdomo, upande wa demani. Katika miezi ya kusi, takriban Mei hadi Septemba, huo ni upande wa kaskazini wa rasi, ambako mawimbi ya kusini hayapigi chombo.

Usiku mmoja, karibu na rasi Stanley aliyoiandika Sentakeyi, walishuka kupika. Kundi la kwanza la wanaume likaja kuuliza maswali, likaondoka. Likaja la pili, kisha jingine. Wapiga kafi walielewa mapema kuliko wageni wao. Vyombo vikapakiwa bila kelele, mtumbwi ukasukumwa majini, na wakiwa tayari mbali kidogo waliona vivuli vya watu vikinyemelea pale walipokuwa wameketi. Wakaendelea hadi kijiji cha Mugeyo, wakalala bila kusumbuliwa. Katika kituo kingine cha safari hiyo, palipoonekana salama, walilala usingizi mzito na kuibiwa: kamba ya kupimia kina, risasi, unga na sukari ya mzee. Naiweka mikasa hii miwili pamoja makusudi. Pale pa hatari hawakupoteza kitu, kwani chombo kilikuwa kimeelekezwa ziwani na watu wako macho. Pale pa amani kila mmoja aliacha zamu.

Walirudi Ujiji tarehe 13 Desemba, wakiwa wamethibitisha kwamba Rusizi unaingia ziwani. Wasafiri Burton na Speke walikuwa wameambiwa hivyo Uvira mwaka 1858, bila kufika mdomoni.

Safari ile ya 1858 inafaa kusomwa kwa jambo moja, nalo ni kuvuka. Mitumbwi haikukata ziwa popote. Ilifuata pwani ya mashariki hadi ng'ambo ya Ubwari, pale maji yanapokuwa membamba, ikangoja hali ya hewa itulie, ndipo ikavuka. Kusini mwa Ujiji sehemu ya kuvukia ilikuwa Kabogo, na msafiri Cameron, aliyepita huko 1874, anaeleza jinsi manahodha wake walivyotupa shanga majini kwa mizimu ya rasi ile. Sadaka iliwasimamisha mahali panapofaa kusimama, wakautazama upepo kabla ya kujitosa. Siwezi kuwaona kama watu wa ushirikina tu.

Stanley aliporudi mwaka 1876 na boti lake la Lady Alice, urefu futi 40 na upana 6, lililobebwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi tangu pwani, alilizunguka ziwa zima kwa siku 51. Aliondoka Ujiji tarehe 11 Juni akielekea kusini, kusi likiwa usoni. Wengine wangemwona mkaidi. Mimi nakubaliana naye: nguvu mpya za wapiga makasia zilitumika kwenye upepo mgumu, na waliochoka wakarudi kaskazini upepo ukiwasukuma mgongoni.

Ujiji wenyewe ulikuja kuachwa na maji. Mto Lukuga, unaoyatoa maji ya ziwa kwenda Kongo, ulikuwa umeziba kwa matope na majani; ulipofunguka mwaka 1878, ziwa lilishuka mita kadhaa katika miaka iliyofuata, na ufuo wa Ujiji ukasogea mbali na miembe yake. Wajerumani walipoleta reli mwaka 1914 waliipeleka Kigoma, kaskazini kidogo, kwenye ghuba yenye kina na kinga ya vilima. Meli ya Liemba, iliyoshushwa majini Kigoma mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen, iliendelea kwa miongo mingi kusimama mbali na vijiji vingi ili mitumbwi ije kupokea abiria na magunia. Gati zilikuwa chache kwa sababu ile ile ya 1871: pwani inayotumbukia haikubali gati popote.

Wanaokodi boti leo kwenda Gombe au Mahale wanaweza kurithi haya bila kuyatafsiri. Tua mchana ungali mrefu, uliza mvuvi kabla ya kushusha mzigo, weka omo kuelekea majini, na mwache mtu mmoja macho hata kijiji kikiwa cha marafiki.

Kwihara nayo ilipitwa. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 stesheni ilijengwa mjini, na njia zote zilizowahi kuanzia kwenye ghala la tembe zikahamia kwenye jukwaa la abiria. Tembe lilijengwa upya mwaka 1957 na sasa ni makumbusho. Ningependa mgeni anayefika pale, kabla ya kuambiwa ni chumba gani Livingstone alilala, atolewe nje na kuonyeshwa upande wa kila barabara: huku Bagamoyo, huku Karagwe, huku Ujiji, huku Ufipa, na miezi ambayo kila moja ilipitika. Vijana wa Tabora wanaowaongoza wageni wanaweza kuifanya kazi hiyo kesho, bila kungoja fedha ya mtu.