Kinywa na Ngoma: Dhima ya Msimulizi katika Maonyesho ya Bendi za Ngoma Butembo na Beni

Wahakiki wa fasihi simulizi ya Kiafrika wameandika mengi kuhusu ngoma kama kiambata cha wimbo, na mengi zaidi kuhusu hadithi kama utanzu unaojitegemea. Mahali ambapo viwili hivi hukutana, yaani pale mtu anaposema huku ngoma zikipigwa, pamechunguzwa kwa nadra. Katika miji ya Butembo na Beni, mkoani Kivu ya Kaskazini, makutano hayo huonekana kwenye sikukuu kama za 30 Juni na 8 Machi, wakati bendi za ngoma na matarumbeta, ziitwazo fanfari, zinapoongoza gwaride la wanafunzi na vyama, naye msemaji mwenye kipaza sauti akawaeleza watazamaji yale yanayopita mbele yao. Makala haya yanahakiki dhima ya msemaji huyo. Hoja yake ni kwamba masimulizi huipa ngoma nguvu yanaposema lile ambalo ngoma haiwezi kulisema, na huidhoofisha yanapoirudia au yanapoelekezwa kwa watu wasiokuwa hadhira yake.

Yafaa kwanza kuondoa utata wa jina. Mji wa Beni hauhusiani na beni ya pwani, ngoma ambayo jina lake limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya bendi, na ambayo historia yake iliandikwa na Terence Ranger (1975). Hata hivyo beni hiyo inatoa kipimo kizuri. Ilianza pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea bara, na wachezaji wake walikuwa na sare, vyeo na mwendo wa kijeshi, mfano wa bendi za leo. Lakini maneno yake yaliimbwa kwa Kiswahili na wanakikundi wenyewe. Aliyepiga na aliyesema walikuwa kundi moja lenye sifa moja ya kutetea mbele ya wapinzani. Katika gwaride, msemaji aghalabu hutoka nje ya bendi: hakufanya nayo mazoezi, na pengine huiona kwa mara ya kwanza inapopita.

Swali linalofuata ni kwa nini ngoma imhitaji msemaji. Jibu moja limo katika lugha. John Carrington, aliyeishi miongoni mwa Walokele karibu na Kisangani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1949 jinsi mgogo wenye mwanya ulivyotuma habari kwa kuiga toni za juu na za chini za maneno. Kwa kuwa maneno mengi yana toni zinazofanana, mpigaji hurefusha kila neno likawa kirai kizima cha sifa, na msikilizaji hulitambua kwa urefu wake. Ngoma ya namna hiyo husema kweli, wala haihitaji mkalimani. Kinande, lugha ya wenyeji wengi wa Butembo na Beni, nacho ni lugha ya toni. Kiswahili si lugha ya toni, na Kifaransa vilevile. Bendi inapopigia hadhira inayokutana katika lugha hizi mbili, mdundo unaweza kuchochea, kuhuzunisha au kuamrisha hatua, lakini hauwezi kutamka jina. Hapo ndipo pengo la msimulizi linapotokea, na ni pengo halali.

Namna ya kuliziba inaonekana katika mkoa huohuo. Mwaka 1956 mtambaji wa Kinyanga, Shé-Kárisi Rureke, alimsimulia Daniel Biebuyck utendi wa Mwindo kwa muda wa siku 12. Matini hiyo ilichapishwa mwaka 1969 na Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene. Katika utendaji huo fanani alisimulia, akaimba, akacheza na kuigiza, huku vijana wakipiga fimbo kavu iliyolazwa juu ya vijiti ili itoe mlio mzuri. Mambo mawili yanastahili kuzingatiwa. Kwanza, mdundo haukuwa pambo la masimulizi wala masimulizi hayakuwa maelezo ya mdundo: fanani alipumua kwa mapigo ya vijana, nao waliitikia viitikio vyake. Pili, fanani hakuficha kwamba yupo. Alijitaja, akawasemesha waliokuwepo, akaomba zawadi. Mulokozi (1989), akiainisha tanzu za fasihi simulizi, alitaja fanani, hadhira, tukio, mahali na wakati kuwa miongoni mwa vipengele vinavyoipa fani umbo lake. Rureke aliviweka vyote mahali pamoja.

Mfano wa pili unatoka mbali, lakini tatizo lake ni lilelile. Nchini Marekani, bendi za ngoma na tarumbeta zinazoshindana viwanjani chini ya shirika la Drum Corps International zilikatazwa kwa muda mrefu kutumia vikuza sauti. Ruhusa ilipoanza kutumika mwaka 2004, masimulizi ya kusemwa yaliingia katika maonyesho, na mashabiki wakagawanyika. Walioyapinga walilalamika kwamba sauti iliwaambia jambo ambalo miili na ala zilikuwa tayari zinalionyesha. Lalamiko hilo halipaswi kupuuzwa kama uhafidhina. Msemaji anayetangaza huzuni wakati ngoma imekwisha kushusha mapigo yake huifanya ngoma kuwa mfano wa maneno yake. Hadhira hukoma kusikiliza, ikangoja kuambiwa.

Kasoro hii ya kurudia ipo pia katika gwaride la Butembo na Beni, lakini huko inaongezewa nyingine iliyo nzito zaidi, nayo ni ya mwelekeo. Katiba ya mwaka 2006 inakitambua Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Msemaji anapotumia Kifaransa peke yake humkabili mgeni rasmi jukwaani. Ngoma kwa wakati huohuo humkabili mama aliyesimama kando ya barabara na mtoto wake mgongoni. Onyesho moja hupata hadhira mbili zisizosikilizana, na kipaza sauti huamua ipi ni kubwa. Kiswahili kinapotumika, kama kinavyosemwa na watu wa mji, mgawanyiko huo hupungua, kwa kuwa aliye jukwaani na aliye barabarani husikia jambo lilelile kwa wakati uleule.

Uzito wa jambo hili hauishii kwenye fani. Tangu Oktoba 2014 raia wa eneo la Beni wameuawa kwa wingi katika mashambulizi yaliyorudiwa mwaka baada ya mwaka. Mtaa wa Rwangoma, mjini Beni, ulishambuliwa tarehe 13 Agosti 2016. Mei 2021 Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa dharura wa kijeshi. Katika mji wenye msiba wa namna hii, ngoma inayopigwa hadharani bila neno inaweza kusikika kama furaha isiyo na adabu, au kama amri. Neno moja linaweza kubadilisha maana ya mapigo yaleyale. Msimulizi akitaja Rwangoma, kisha akanyamaza ngoma ikaendelea, amefanya lile ambalo ngoma haiwezi, na ameiachia ngoma lile ambalo yeye hawezi. Akijaza nafasi hiyo kwa sifa za wakuu, mdundo hugeuka pazia.

Inaweza kudaiwa kwamba gwaride ni shughuli ya serikali, na kwamba si haki kulipima kwa kigezo cha utendi. Dai hilo lina ukweli kuhusu nia ya waandaaji. Hata hivyo hadhira huleta masikio yaleyale kila mahali, nayo hujua kutofautisha kati ya anayesema nayo na anayesema juu yake. Kwa hiyo bendi ingefaa kumtoa msimulizi miongoni mwa wapigaji wake, ifanye naye mazoezi, na impangie mahali pa kunyamaza kama inavyompangia mpiga ngoma kubwa. Kwa upande wa utafiti, wanafunzi wa fasihi simulizi wanaorekodi maonyesho haya wasinakili maneno ya msemaji peke yake. Waonyeshe alianza kusema kwenye pigo lipi, alisema kwa lugha gani, na uso wake ulielekea wapi.