Gunia Lililolisha Jeshi

Mwaka 1944 miavuli ya kushushia mizigo iligombaniwa na kila medani ya vita, kuanzia Italia na Ufaransa hadi visiwa vya Pasifiki. Mwisho wa foleni lilikuwa Jeshi la 14 la Uingereza, lililopigana na Wajapani mpakani mwa India na Burma. Huko njia zilikuwa chache na mvua ilizigeuza tope, hivyo chakula na risasi vilitegemea ndege. Kamanda wake, William Slim, aliomba miavuli. Akajibiwa kwamba ya kutosha haitapatikana.

Yeye na mkuu wake wa ugavi, Meja Jenerali Snelling, wakatazama kilichokuwa karibu. Bengal hulimwa juti, na viwanda vya Calcutta viliifuma kuwa magunia. Wakawaendea wenye viwanda hivyo, na katika muda wa mwezi mmoja ukapatikana mwavuli wa juti. Kwa makadirio ya Slim ulifikia asilimia 85 ya ubora wa mwavuli wa kawaida, kwa gharama ya pauni 1 na ushei badala ya zaidi ya 20.

Hiyo asilimia 85 ndiyo ninayoistaajabia. Mtu wa ugavi lazima ajue ni shehena ipi itakayostahimili kasoro. Miavuli ile haikuaminiwa kushusha binadamu wala vyombo vya kuvunjika; kwa chakula na risasi ilitosha kabisa. Mchele haukuhitaji hata mwavuli: ulitiwa gunia ndani ya gunia, la ndani likipasuka kwa kishindo, la nje likaudaka.

Juti hiyohiyo ikawa barabara. Udongo mkavu ulioshindiliwa hubeba lori. Ukiloa, lori huzama. Wahandisi walichovya vitambaa vya juti katika lami, wakavitandaza juu ya udongo vikipandiana kama makuti ya paa, maji yasipenye. Kwa zaidi ya kilomita 160 malori yalipita juu ya kitambaa.

Walioishi kwa hesabu hizo ni pamoja na askari wa Keya (King's African Rifles) wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Walishuka bonde la Kabaw katikati ya mvua za 1944, wakilishwa kutoka angani, hadi mto Chindwin. Desemba mwaka huo wahandisi waliutandika mto huo daraja la vyuma la mita 352, refu kuliko yote ya aina ya Bailey wakati huo.

Wengi wangeendelea kuomba miavuli ya kawaida, na wangekuwa na haki. Slim na Snelling waliuliza swali gumu zaidi: kazi hii inahitaji ubora kiasi gani? Anayeweza kulijibu sawasawa, huku maisha ya maelfu yakitegemea jibu lake, ni fundi wa kuheshimiwa sawa na jenerali yeyote.